Jibu la Telesphori

Ijumaa ile, mnada wa mitumba pembezoni mwa mji wa Shinyanga ulikuwa umefurika tangu saa tatu asubuhi. Bajaji zilipishana kwa kusuguana, vumbi lilipanda hadi kwenye nyusi za watu, na moshi wa nyama ya mbuzi ulitambaa juu ya marundo ya nguo. Meza zilikuwa nyingi, lakini umati mkubwa ulizunguka moja tu. Nguo za meza hiyo hazikuwa bora kuliko za wengine. Kilichowavuta watu ni mwanamume aliyesimama juu yake: mrefu, mwembamba, amevaa shati jeupe lililokunjwa mikono hadi kwenye viwiko, tai nyekundu shingoni, na kofia ya pama aliyoivaa upande kana kwamba anakwenda kupigwa picha.

"Gauni hili," alisema kwenye kipaza sauti, akilishika mabegani kama mtu anayecheza nalo dansi, "limetoka kwao likilia. Nikaliuliza, unalilia nini? Likasema, nawatafuta watu wa Shinyanga, wanaojua kuvaa. Nikaliambia nyamaza, mimi nakupeleka."

Watu wakacheka. Akatupa macho katikati yao.

"Dada wa kitenge cha njano. Wewe uliyekunja uso. Gauni linakuita."

"Halijaniita," alijibu msichana aliyeambiwa hivyo, bila kukunjua uso. "Umeniita wewe."

"Basi nimekuita mimi. Sogea."

"Nisogee nione nini? Mshono wa kwapani umefumuka. Umelishika hapo kwa kidole ili tusione."

Umati ulilipuka kwa kicheko. Mwuzaji aliondoa kidole chake polepole, na tundu likaonekana, pana kama mdomo wa kikombe.

"Wananchi," alisema, "tumevamiwa na mtaalamu."

"Mimi ni fundi cherehani. Nipe kwa bei ya kitambaa, si kwa bei ya gauni."

"Nitakupa. Jina lako nani, fundi?"

"La nini? Unauza na majina?"

"Nauza kila kitu isipokuwa langu. Naitwa Telesphori. Hilo natoa bure."

Msichana yule, Melania binti Jilala, alilipokea gauni, akalikunja, akaondoka bila kutaja jina lake. Lakini alipofika kwenye kona ya wauza viatu aligeuka kutazama nyuma, na Telesphori, ambaye wakati huo alipaswa kuwa anauza koti, alikuwa bado anamtazama yeye.

Haikumchukua siku nne kuigundua baraza aliyokuwa akishonea Melania, jirani na stendi ya zamani. Siku ya kwanza alileta suruali yenye zipu mbovu. Siku ya pili alileta nyingine.

"Zipu hii umeikata kwa makusudi," Melania alisema, akiiinua kwenye mwanga.

"Kwa mkasi wa dada yangu."

"Hukuona haya?"

"Niliona. Ndiyo maana nilikata moja tu. Nilifikiria kukata tatu."

Melania aliinamia cherehani yake ili asionekane akitabasamu. Alikuwa msichana wa kimo cha wastani, mwenye macho mapole na ulimi mkali, aliyezoea kuvaa nguo alizojishonea mwenyewe na kubana pini mdomoni wakati wa kazi. Pini hizo zilimpa kisingizio cha kutojibu. Telesphori alizungumza kwa niaba ya wote wawili: habari za kwao Ushirombo, habari za kaka yake mkubwa Ignas aliyemlea baada ya wazazi kufariki, habari za dada yake Febronia aliyeuza dagaa sokoni na kupanga nyumba Ngokolo.

"Wewe hunyamazi?" Melania alimwuliza siku moja.

"Nikinyamaza nitakula nini, mpenzi? Wenzangu wana mashamba. Mimi nina mdomo."

Alizunguka na marobota yake kutoka mnada hadi mnada, Kahama, Geita, Katoro, na kila alipofika alipiga simu.

"Leo niko Katoro, fundi wangu. Wachimbaji wamenunua jinzi kama vile kesho hawaingii tena duarani kuchimba dhahabu."

"Na wasichana wa Katoro?"

"Wapo. Wanavaa vizuri, lakini hakuna anayeniambia mshono umefumuka. Nakonda kwa kusifiwa."

"Rudi basi nikunenepeshe kwa matusi."

Hivyo ndivyo mwaka ulivyowapita, wakiwa na furaha ambayo hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ilitegemea kitu chembamba kama neno.

Neno la kwanza lilipopotea, walicheka. Telesphori alipiga simu kutoka Geita akasema, "Nimekununulia ile... ile ya miguuni."

"Viatu?"

"Hiyo hiyo. Kikombe."

"Kikombe cha miguuni?"

"Nimechoka, mama. Jua limenipiga."

Mnadani aliinua suruali akaiita ugali, na wateja wakashangilia, wakidhani ni kichekesho kipya. Akainua shati, akaliita barabara. Wakashangilia zaidi. Alianza kuchelewa kati ya neno na neno, na watu walidhani anawachezea kwa kuwasubirisha. Kisha, mwezi wa saba, huko Katoro, alisimama juu ya meza akiwa ameshika blauzi ya bluu, midomo ikicheza bila sauti, hadi umati ulipoacha kucheka, mmoja baada ya mwingine. Alianguka akitetemeka kati ya nguo zake. Wa meza ya jirani walisema ni pepo. Wengine walisema ni mshindani amemfanyia jambo.

Madaktari wa Mwanza walimpiga picha ya kichwa na kuona uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, mahali ambapo binadamu huyapanga maneno yake. Walimpasua na kutoa sehemu waliyoweza kuitoa bila kumuua. Iliyobaki waliiacha, kwa sababu ilikuwa imejishona na nyama hai. Ignas, ambaye hakuwahi kumsikia Melania akitajwa, alisaini fomu, akalipia kitanda, akamchukua mdogo wake hadi Ushirombo.

Melania aliyasikia haya yote kutoka kwa wauza mitumba, baada ya wiki tatu za kupiga simu isiyopokelewa. Siku simu ilipopokelewa, mikono yake ilikuwa imejaa vipande vya kitambaa na akaviacha vidondoke.

"Teles?"

Alisikia pumzi tu.

"Teles, ni mimi. Unaendeleaje?"

"Haya."

"Wamenieleza habari zako. Nije?"

"Sawa. Sawa. Ha... haya."

"Unataka nije, au hutaki?"

"Haya. Sawa."

Simu ikakatika. Aliandika ujumbe mrefu. Alama zikaonyesha kwamba umesomwa, lakini hakujibiwa. Akaandika mwingine mfupi. Akapiga tena, na tena akaambiwa haya na sawa, kwa sauti ya mtu anayemfukuza mwuza karanga mlangoni.

Mwezi wa kumi, alifunga baraza, akavaa gauni la kijani lililobana kiuno na kilemba cha rangi hiyo hiyo, akapanda basi hadi Ushirombo. Aliulizia nyumba ya Ignas akaonyeshwa. Alifika jua likikaribia kuzama, akasimama nje ya ua wa minyaa kujipanguza vumbi, na hapo ndipo aliposikia rozari.

Familia ilikuwa ikisali uani. Sauti ya Ignas ilitangulia, na nyingine zikaitikia, na kati ya zote aliitambua moja. Telesphori alikuwa akisali. Hakukwama, hakusitasita, hakuchanganya. Salamu Maria moja ilimalizika, nyingine ikafuata, kila neno mahali pake, kwa sauti ile ile nzuri iliyowahi kuuza magauni.

Melania alihesabu fumbo zima, Salamu Maria kumi. Kumbe anasema, alijiambia. Anasema vizuri kuliko mimi. Ni mimi tu ambaye hataki kusema naye.

Aligeuka bila kubisha hodi. Kilemba cha kijani alikivua njiani, akakikunja kidogo sana, kama kitu anachotaka kisionekane tena.

Wiki mbili baadaye, mwanamke mnene mwenye khanga mbili na harufu ya dagaa alisimama mbele ya cherehani yake.

"Wewe ndiye Melania fundi?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Febronia, dada yake Teles. Wauza mitumba ndio walionielekeza kwako. Ulikuja Ushirombo. Jirani alikuona penye minyaa ukiwa umependeza, kisha hukuonekana tena. Kwa nini hukuingia?"

Melania aliondoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Nilimsikia akisali, dada. Mtu anayeweza kusali rozari hawezi kushindwa kuniambia habari za jioni. Kama amenichoka angesema."

Febronia hakukasirika. Aliketi kwenye benchi la wateja, akashusha pumzi.

"Hata sisi tulidhani hivyo. Ignas amemfokea mwezi mzima. Unasali, unaimba, unahesabu moja hadi mia, lakini ukiulizwa ufunguo uko wapi unatutolea macho. Tulisema ni jeuri. Mimi mwenyewe, nilipokwenda Ushirombo, nilimnyima chakula siku moja ili aombe kwa mdomo. Hakuomba. Alilala na njaa."

"Basi tatizo ni nini?"

"Kuna dada mmoja hospitali Mwanza, kazi yake ni kuwarudishia watu maneno. Ametuambia tumekuwa wajinga, ingawa alitumia lugha ya adabu. Juzi alituomba aletwe mtu ambaye Teles anampenda. Ignas akasema, hana mtu. Teles akatoa simu yake, akaonyesha picha yako."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Ishirini na tano.' Akalirudia mara nyingi, ishirini na tano, ishirini na tano, halafu akalia."

Alhamisi ya wiki hiyo Melania aliamka kabla ya jogoo na kupanda basi la kwanza la Mwanza. Chumba cha dada Scolastika, yule mrudisha maneno, kilikuwa kidogo, chenye meza, viti vinne na picha za vitu vya nyumbani zilizobandikwa ukutani: sufuria, mlango, jembe, kitanda. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyezungumza taratibu bila kupaza sauti. Telesphori alikuwa ameketi ameupa mlango mgongo. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa, na kovu lilipinda kutoka juu ya sikio la kushoto hadi karibu na paji la uso. Shati lake lilikuwa safi na halikuwa na tai.

"Kabla hajageuka, nisikilize," Scolastika alimwambia Melania pale mlangoni. "Akili yake ipo. Masikio yake yapo. Kilichoharibika ni njia ya kutolea maneno, na kiasi fulani njia ya kuyapokea. Sala aliyoijua tangu utoto hutoka nzima, kama maji yanayopita kwenye mfereji uliokwisha chimbwa zamani. Ni hivyo hivyo kwa nyimbo, hesabu, na maneno kama haya na sawa. Lakini kila sentensi mpya inahitaji mfereji mpya, na jembe lake limevunjika."

"Kwa hiyo alipokuwa akiniambia sawa kwenye simu..."

"Hakuwa akikuambia chochote. Lilikuwa neno lililotoka badala ya lile alilolitafuta. Hata ndiyo na hapana hubadilishana. Ndiyo maana jambo kubwa huulizwa kwa pande zote mbili. Ukimwuliza, unataka maji? subiri, kisha umwulize, hutaki maji? Majibu yakipingana, una uhakika. Yakifanana, hujajua kitu. Mwonyeshe vitu viwili achague. Mpe penseli achore. Na usimsemee. Hilo ndilo gumu kuliko yote."

Melania akapita mbele, akapiga magoti kando ya kiti.

"Teles, nilikuja kwenu. Nilisimama nje nikakusikia ukisali, nikaondoka. Nilikosea."

Telesphori alimtazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilijikusanya.

"Fu... fu..."

Melania alifungua mdomo kumsaidia, na Scolastika akainua kidole kumzuia.

"Fu... fundi."

"Ndiye mimi."

Kisha Telesphori aligusa ukosi wa shati lake mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye ukosi wa Melania, na upande mmoja wa uso wake ukapanda kwa tabasamu. Melania akajishika shingoni. Kwa haraka ya alfajiri alikuwa amevaa blauzi nje ndani, na mishono yote ilikuwa ikionekana, mbele ya hospitali nzima.

"Mtu huyu," alisema, huku akicheka na machozi yakimtiririka, "hata ugonjwa haujamfundisha adabu."

Telesphori alihamia Ngokolo kwa Febronia, na Melania akawa anafunga baraza saa tisa kila siku ili awe naye. Walikuwa na daftari la kurasa pana. Alichora kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeanza kulegea, na michoro yake ilikuwa mibaya kiasi cha kuleta ugomvi.

"Hii ni ng'ombe?"

"Hapana."

"Hii si ng'ombe?"

"Ndiyo." Akapiga daftari kwa hasira, akachora masikio.

"Ignas?"

Telesphori alicheka hadi akakohoa.

Walijifunza kuomba vitu kwa kuimba. Scolastika aliwafundisha kugonga meza kwa mkono wa kushoto na kulivuta neno kama wimbo, naomba maji, naomba maji, hadi siku moja aliomba maji bila kugonga, na Febronia akamletea ndoo nzima. Kufikia Krismasi alikuwa na maneno yapatayo arobaini aliyoweza kuyatafuta mwenyewe na kuyapata. Kila moja Melania aliliandika ukutani kwa chaki. Wabeja, asante ya kwao Melania, lilikuwa miongoni mwayo, na alilitumia vibaya kwa makusudi kwa kila aliyemkera.

"Wabeja, Ignas," alimwambia kaka yake aliyekuja kumtembelea na kumwuliza kwa kupiga kelele kama ameshiba.

"Kaka, yeye si kiziwi," Melania alisema kwa heshima.

"Najua. Lakini nisipopaza sauti najiona kama sijafanya kitu."

Mwezi wa tatu maneno yalianza kupungua tena. Asubuhi moja maji yalipotea, kesho yake Febronia. Maumivu ya kichwa yalimfanya akae gizani mchana kutwa, na mkono wa kulia ukafa kabisa. Picha mpya ilionyesha kwamba uvimbe umerudi na umevuka mahali ulipokuwa. Daktari aliwaeleza Melania na Febronia kwamba kisu cha pili kingemwondolea hata kidogo alichobaki nacho, na kwamba mionzi ingemwongezea majuma kadhaa. Telesphori alikuwepo. Hakuna aliyejua ameelewa kiasi gani, na hakuna aliyemwuliza.

Ni katika siku hizo Melania alipoamua. Alimkuta ameketi barazani, amejifunika shuka begani.

"Mpenzi, nataka tufunge ndoa. Kanisani, mbele ya watu, ili asiwepo mtu wa kuniuliza mimi ni nani wako. Unakubali?"

Telesphori alimtazama. Alisogeza midomo, akaiacha, akaisogeza tena.

"Sawa," alisema.

Melania alimkumbatia kabla neno halijapoa. Hakumwuliza upande wa pili. Yeye aliyewafundisha watu wa nyumba ile kuuliza mara mbili hata kuhusu uji, hakuuliza mara mbili kuhusu hili. Jioni hiyo hiyo alikwenda parokiani, na siku ya tatu alianza kukata kitambaa cheupe.

Ignas alipopata habari alikuja kutoka Ushirombo akiwa na koti lake la kwenda mahakamani.

"Binti, sikuchukii," alisema bila kuketi. "Lakini mdogo wangu hasemi. Wewe ndiye unayemsemea. Kesho akifa watu wataniuliza, ilikuwaje bubu akaoa? Nitawajibu nini?"

"Simsemei, shemeji. Namsubiri."

"Kumsubiri na kumsemea ni vitu vinavyofanana sana kwa mtu anayetazama."

Padri Adam alifika Jumamosi alasiri na fomu ya maulizo ya ndoa kwenye mkoba. Alikuwa kijana bado, mwenye kanzu iliyofifia pindoni. Aliwasalimu wote, akaketi mbele ya Telesphori, magoti karibu na magoti.

"Kanisa halihitaji mdomo," alisema. "Bubu huoa kwa ishara. Ninachohitaji ni kujua kwamba anataka yeye, kwa hiari yake. Nikimtangulizia maneno ya ahadi atayafuatisha yote, sivyo?"

"Atayafuatisha, Baba Padri," alijibu Melania. "Kama rozari."

"Basi hayatanisaidia. Nifundishe kumwuliza."

Akamfundisha: maneno machache, kisha kungoja, kisha upande wa pili. Padri akainama.

"Telesphori. Unataka kumwoa Melania?"

Nje, kuku walikuwa wakiparua. Febronia alikuwa ameshika pindo la khanga.

"Sawa," alisema Telesphori.

"Hutaki kumwoa Melania?"

Muda ukapita.

"Sawa."

Padri alimtazama Melania, na Melania akalisikia kwa mara ya kwanza lile neno aliloambiwa barazani.

"Amechoka," alisema. "Mpe daftari."

Telesphori alilipokea kwa mkono wa kushoto. Alichora polepole, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alichora kilima kidogo, na juu yake msalaba. Kando ya msalaba alichora mtu mwenye gauni. Akapumzika. Kisha akamfuta yule mwenye gauni kwa mistari mizito, mmoja, mwingine, mwingine, hadi karatasi ikatoboka.

"Hapana," alisema, akigonga mahali palipotoboka. "Hapana. Hapana."

"Maneno yamebadilishana," Melania alisema haraka. "Wakati mwingine anasema hapana akimaanisha ndiyo. Wote mnajua."

Alilichukua daftari, akafungua ukurasa mpya. Kushoto alichora watu wawili na pete kati yao. Kulia alichora watu wale wale wawili, wameketi pamoja, bila pete. Telesphori aliweka kidole kwenye picha ya kulia.

Scolastika aliwahi kumwonya kwamba mgonjwa anaweza kuchagua upande tu, bila kuchagua jambo. Melania akachora tena, akahamisha pete upande wa kulia. Kidole kilisafiri juu ya karatasi, taratibu, bila kusita, kikaenda kushoto. Akachora mara ya tatu, mmoja juu, mwingine chini. Kidole kikaifuata picha isiyokuwa na pete.

Melania aliishika penseli kama mtu aliyesahau inatumikaje. Angeweza kuchora mara ya nne. Padri asingemzuia. Angeweza kumwambia kila mtu kwamba siku ile Telesphori alikuwa na maumivu, kwamba alikuwa bora jana, na wangemwamini, kwa sababu kwa miezi mitano yeye ndiye aliyekuwa akiwafasiria.

"Kwa nini, Teles?" aliuliza.

Telesphori alifumba macho. Alikuwa akitafuta, na kila aliyekuwepo aliweza kuona jinsi alivyokuwa akitafuta, jasho likimtoka juu ya kovu. Ignas alifungua mdomo; Febronia akamkanyaga mguu.

"Mimi," alisema. Akangoja. "Kesho... hakuna. Wewe." Akamgusa Melania kifuani kwa ncha ya kidole. "Wewe... kesho."

Maneno hayo hayakuwa katika sala yoyote, wala katika wimbo. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Aliyachimba mwenyewe, kwa jembe lile lile lililovunjika, na alipomaliza aliegemea kiti akihema kama mtu aliyebeba robota peke yake.

Melania alifunga daftari.

"Baba Padri," alisema, "amekataa."

"Una hakika, binti yangu?"

"Nimemwuliza kwa pande zote."

Padri Adam akairudisha fomu kwenye mkoba, tupu.

Ignas alijikohoza. "Si nilisema."

"Hukusema wewe, kaka," Melania alijibu bila kupaza sauti. "Amesema yeye."

Ignas aliinamisha kichwa. Melania alimgeukia Telesphori, akapiga magoti, akamshika mkono uliokufa, kisha akauacha, akaushika ule ulio hai.

"Sasa nakuuliza jingine. Niondoke?"

"Hapana."

"Nibaki?"

"Ndiyo," alisema Telesphori. "Ndiyo, fundi."

Alimbusu kiganja, akainuka, akatoka uani. Huko, nyuma ya jiko, alilia kwa kujibana mdomo na kilemba, ili asisikike ndani. Febronia alimfuata.

"Wifi," alimwita. "Wifi yangu, pole."

"Usiniite wifi, dada." Alijifuta uso. "Amekataa. Tukiendelea kuitana hivyo tutakuwa hatukumsikia."

"Nikuite nani basi?"

Melania alifikiri. Nyumbani kwake, juu ya cherehani, kulikuwa na gauni jeupe lenye mkono mmoja, na alijua kwamba hatalimalizia na hatalifumua. Alijua pia kwamba majuma yaliyobaki yalikuwa machache, na kwamba mwisho wake atasimama makaburini miongoni mwa majirani, bila cheo, akitazama wengine wakipewa pole.

"Melania," alisema. "Inatosha."

Alinawa uso bombani, akarudi ndani, Febronia nyuma yake. Padri alikuwa ameaga. Ignas alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mdogo wake, mikono kati ya magoti. Melania alichukua vikombe viwili, kimoja cha uji, kimoja cha chai, akavishika mbele ya Telesphori, kimoja kila mkono.

"Uji au chai?"

Mwanga wa alasiri ulikuwa ukiondoka ukutani, juu ya maneno ya chaki. Telesphori alivitazama vikombe, midomo ikijikusanya na kuachia, ikijikusanya na kuachia. Mikono ya Melania ilianza kuchoka. Wote watatu wakasubiri.